Ruhusa ya Mama Paskalina

Diploma yangu sasa imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, na kila anayeingia lazima aione kabla hajaona kiti cha kukaa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ilikuwa ofisini kule juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ikila ukungu pamoja nami. Nimestaafu mwisho wa mwaka, nimeshuka nayo Karatu, na Naserian, ambaye sasa anakalia meza yangu, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki mambo mawili matatu ya kazi hii ya kuangalia ustawi wa wafanyakazi. Sikujivuta. Nina mengi ya kusema, na mengi kati yake ni mazuri kunihusu mimi.

Vyeo sitavisimulia wala mshahara. Hayo yako kwenye faili, anayeyataka akasome. Nitaanza na siku ya kwanza.

Mimi ni mtoto wa Rhotia, wa nyumba ya udongo, nyuma ya shamba la mbaazi. Niliondoka na begi moja la nailoni. Nimeosha masufuria Arusha, nimebeba mizigo ya wageni Dar es Salaam, nimesoma diploma ya hoteli jioni baada ya zamu huku miguu imevimba, kisha nikaenda Uarabuni, nikakaa miaka saba katika hoteli yenye lifti kumi na mbili. Hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Niliporudi nilikuwa na diploma, leseni ya udereva, suti mbili, na uhakika kwamba hakuna jambo la hoteli ambalo mtu wa huku angeweza kunifundisha. Lodji iliyoniajiri iliniita afisa utumishi. Maneno "na ustawi wa wafanyakazi" niliyaongeza mimi, na meneja akayatia saini.

Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nimevaa suti ya kijivu. Wanaojua ukingo wanajua kosa langu. Mwezi wa saba kule juu baridi inaingia kwenye meno. Nilizunguka idara zote nikijitambulisha, na mwisho nikafika dobi, ambako kulikuwa na joto, mvuke na mwanamke wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani aliyekuwa akikunja shuka peke yake. Huyo alikuwa Mama Paskalina, mkuu wa dobi, Mwiraqw mwenzangu kutoka Oldeani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Diploma?"

"Naitwa Bonifasi. Afisa utumishi mpya."

"Ndiyo, Diploma. Vua hilo koti, shika ncha ya shuka."

Nilishika ncha ya shuka, na sikuiachia kwa wiki nzima. Kila nilipotaka kurudi ofisini alinipa kazi nyingine. Nasema bila aibu kwamba katika wiki ile nilijifunza vitu ambavyo havikuwa kwenye diploma, na diploma yangu ilikuwa nzuri. Alinifundisha kwamba msimu wa ukungu kamba ya nje ni ya kudanganyia wageni, maana shuka halikauki huko hata likae siku mbili. Mashuka hukaukia chumba cha boila, nayo hukunjwa yakiwa na uvuguvugu. Alinifundisha kupima unyevu kwa shavu. "Mkono wa dobi umeshakufa ganzi, hauna habari," alisema. "Weka shavuni. Likikupa baridi, rudisha." Alinifundisha kujaza zile chupa za mpira za maji ya moto ambazo tunaweka kwenye vitanda vya wageni jioni: maji yasichemke, hewa itolewe kwanza, kizibo kikazwe kwa kitambaa. Wageni wanazipenda kuliko wanyama. Sisi kule kota za wafanyakazi tulikuwa na mablanketi mawili kila mtu, na tulilala tumejikunja kama kamba za viatu.

Niliporudi ofisini nilitengeneza ubao wa zamu. Huo mnaujua, bado upo pale mlangoni mwa bwalo. Kabla yangu zamu ziliandikwa kwenye karatasi ambazo zilipotea au zilifungiwa karanga. Nilitafuta ubao wa mbao, nikapigilia misumari kwa safu tatu, nikaandika juu yake KAZINI, MAPUMZIKO, LIKIZO. Nilikata makopo ya mafuta ya kupikia, nikayanyoosha kwa nyundo, nikatoboa, nikaandika kila jina kwa rangi nyekundu. Kila mtu na kibati chake. Ukitazama ubao kwa dakika moja unajua lodji nzima iko wapi. Wamekuja wataalamu na kompyuta mara tatu, na mara tatu kompyuta zimezima. Vibati havijawahi kuzima.

Sikuishia hapo. Nilikuwa nimeona Uarabuni jinsi makampuni makubwa yanavyotunza wafanyakazi, nami nikataka lodji yetu iwe ya kwanza ukingoni. Nilianzisha mazoezi ya viungo kila asubuhi saa kumi na mbili kwenye majani mbele ya bwalo. Siku ya pili, Saning'o, mbeba mizigo wetu, alisimama mbele yangu na shuka lake jekundu na viatu vya matairi.

"Bosi, mimi nimetoka boma alfajiri kwa miguu. Sasa unataka niruke hapahapa?"

"Ni kwa afya yako, Saning'o."

"Afya yangu imechoka. Ngoja ipumzike kwanza, halafu itaruka."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, na mazoezi yakafia hapo. Nililichukulia kama ushamba wa watu wasiotembea duniani. Siku hizi, nikipita karibu na boma lao, Saning'o bado ananiuliza kama nimeshaacha kuruka.

Basi ukaja mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza kwangu. Mnajua ulivyo. Vyumba vyote vimejaa, jenereta linaunguruma, mvua za vuli hazijakata, na watu wa Karatu, Mbulu na Oldeani, ambao karibu wote ni Wakristo, wanahudumia Krismasi ya watu wengine. Hakuna likizo kuanzia tarehe kumi na tano mpaka tarehe tano ya Januari. Ndivyo nilivyoikuta sheria, na niliiona sawa kabisa. Hoteli ni hoteli.

Lakini nilitaka kuwashukuru. Nilibuni Siku ya Shukrani kwa Wafanyakazi, tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri, kwenye bustani, wageni wakialikwa kutazama. Keki kubwa, kwaya, hotuba, na Mfanyakazi Bora wa Mwaka, mwenye cheti chenye fremu ya mninga na picha yake katikati. Cheti nilikibuni mwenyewe. Mshindi nilimchagua bila shida: Mama Paskalina, miaka kumi na minne dobi bila kosa. Picha nilimpiga mwenyewe kwa simu yangu ya Uarabuni, pale chumba cha boila, mwisho wa zamu. Nilimwambia ni ya kitambulisho kipya. Nilimwambia atabasamu, naye akajitahidi.

Wiki moja baadaye, alikuja ofisini. Hakuwa mtu wa kuja ofisini. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye aproni.

"Baba, naomba siku mbili. Ishirini na nne na ishirini na tano."

"Mama Paskalina, unajua msimu."

"Najua. Sijawahi kuomba. Mama yangu ametuma salamu, anataka mwaka huu nikale naye. Ni mzee sana, na hajawahi kutuma salamu za namna hiyo."

Hapo ndipo palipo kosa langu, na nataka mlione vizuri. Sikumkatalia kwa sababu ya msimu. Dobi ilikuwa na mabinti watatu aliowafundisha yeye mwenyewe, wangeweza kusukuma siku mbili. Nilimkatalia kwa sababu alikuwa mshindi. Cheti kilikuwa tayari, kimefungwa gazeti chini ya meza, umbali wa hatua mbili kutoka magotini pake. Bila yeye sherehe yangu ingepokelewa na nani?

"Haiwezekani, Mama," nilimwambia, huku nikitabasamu kama mtu anayeficha zawadi. "Siku hiyo lazima uwepo. Utaona mwenyewe kwa nini."

Alinitazama kidogo. "Haya," alisema, akaondoka. Nami nikafurahi.

Siku yenyewe hali ya hewa ilikuwa nzuri, ukungu umepanda, na ungeweza kuona mpaka chini kwenye ziwa la kreta. Wapishi walikuwa wameamka saa kumi alfajiri kuoka ile keki, juu ya kazi yao ya kila siku. Vijana wa bustani walibeba meza arobaini, juu ya kazi yao. Dobi walifua na kunyoosha vitambaa vyeupe vya meza zote arobaini, juu ya mashuka ya wageni. Haya niliyajua, ndiyo, nilikuwa nimeyapanga mimi kwenye orodha. Sikuyaona tu.

Kwaya iliimba. Meneja alitoa hotuba fupi. Alikuwa mtu muungwana, wa maneno machache. Kisha nikachukua kipaza sauti nikatangaza jina la Mama Paskalina, na makofi yakapigwa, na hakuna aliyetokea. Ilibidi mtu akimbie kumwita. Alikuwa dobi, akifua vitambaa vya mikono vya chakula cha Krismasi cha wageni. Alikuja na aproni imelowa, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha kijani kimepinda. Nilimkabidhi cheti. Alikishika kwa ncha za vidole kisilowe. Wageni walipiga picha.

"Sema neno, Mama," nikamwambia, nikampa kipaza sauti.

Hakupaza sauti. Alisema, "Nashukuru. Meneja, nashukuru. Wageni, asanteni kwa makofi. Ila keki hii tumeioka sisi. Vitambaa hivi nimevifua mimi jana, na kesho nitavifua tena. Sasa kama kweli leo ni siku yetu, mimi naomba ruhusa niende kwa mama yangu."

Wageni, ambao hawakuelewa hata neno moja, walipiga makofi tena, kwa nguvu zaidi.  Meneja alinisogelea sikioni.

"Boni, huyu aliomba ruhusa?"

"Aliomba."

"Ukakataa kwa nini?"

"Ili awepo kupokea cheti."

Nimewahi kukaripiwa na watu wa mataifa tisa, na hakuna karipio lililowahi kuniingia kama jinsi Meneja alivyoanza kukunja mikono ya shati lake. Akatazama saa. "Kumi kasorobo. Geti la hifadhi linafungwa kumi na mbili. Chukua gari, umpeleke mwenyewe."

"Na vitambaa vya kesho?"

"Mimi nitashika pasi," akasema Saning'o kutoka nyuma.

"Wewe?" akacheka mmoja wa mabinti wa dobi. "Utachoma lodji yote!"

"Nimeshachoma nyama maisha yangu yote, kitambaa kitanishinda?"

Mama Paskalina hakucheka. Alikuwa ameshavua aproni. Hakwenda hata kota kubadilisha nguo. Alichukua khanga moja, mfuko wa sukari aliokuwa ameuweka, na kile cheti kwapani kwa sababu hakuna aliyekipokea mkononi mwake.

Kuteremka ukingo kulituchukua muda kuliko nilivyofikiri. Ukungu ulirudi, malori ya bia yalikuwa yanapanda, na nyati walisimama katikati ya barabara kama watu wanaosubiri kikao kianze. Mimi ni dereva mzuri. Lakini siku ile nilikuwa nakimbiza gari, na yeye alishika mkono wa mlango.

"Usikimbize. Mama anamngojea mtu, hangojei maiti."

"Tukichelewa geti, mama, tunalala hapahapa."

"Basi endesha kama mtu anayejua anakokwenda."

Tulipita geti walinzi wakiwa wameshashika minyororo. Nilipumua. Nilidhani kazi imeisha, kwa kuwa nilikuwa nimesahau barabara ya Oldeani. Tulikata kulia kuelekea mashamba ya kahawa, na baada ya kilomita chache udongo mwekundu, ambao ulikuwa umenyeshewa tangu asubuhi, ukatumeza mpaka kwenye vitovu vya matairi. Nilikanyaga mafuta. Gari likazidi kuzama.

"Huko Uarabuni kuna tope?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi huko hukuwa unaendesha. Ulikuwa umekaa."

Mvua ilianza tena. Alitoka, akafunga khanga kiunoni, akakiweka kile cheti juu ya kichwa, kioo juu, kikazuia maji. "Angalau kimepata kazi," alisema, akaanza kuokota matawi ya miti ya grevilea yaliyoanguka kando ya shamba na kuyasukuma chini ya tairi. Suti yangu, ile ya kijivu, iliishia hapo. Vibarua waliokuwa wanatoka kuchuma kahawa walitusaidia kusukuma, wakimtania kwa Kiiraqw kwamba ameolewa tena na dereva asiyejua kazi. Nilielewa kila neno. Mwanga ulikuwa unaisha tulipotoka pale, na sote wawili tulikuwa tunafikiria jambo lile lile: kwamba mtu aliyetuma salamu za kuita huenda alikuwa na sababu ya kuita.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, ya matofali, na jiko la nje lenye moshi. Mama Paskalina alishuka kabla gari halijasimama.

"Ayo!" aliita. Ndivyo sisi tunavyomwita mama. "Ayo!"

Nilizima injini. Akaita mara ya tatu, na sauti kavu ikajibu kutoka jikoni, "Nimesikia tangu ulipokwama kule bondeni. Ingia, mboga zinapoa."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwembamba kama ufito, macho yake mazuri kuliko yangu. Hakuwa mgonjwa wa kulala. Alikuwa mzee tu, kwa ule uzee ambao unauona na unajua. Paskalina alipiga magoti, na bibi akamwekea mikono kichwani kwenye kile kitambaa kilicholowa, akaiacha hapo muda mrefu. Nilitoka nje nikajifanya natazama matairi.

Waliponiita ndani, bibi alikuwa ameshika cheti, ameielekeza picha kwenye mwanga wa moto.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Ayo. Wamenipa kazini. Ni heshima."

Bibi aliitazama kwa makini, akafuta tone la maji kwenye kioo kwa kidole gumba.

"Wamekupiga ukiwa umechoka," alisema.

 Mimi ndiye niliyeipiga ile picha. Nilikuwa nimeitazama mara hamsini: nilipoichagua, nilipoichapisha, nilipoipimia fremu. Niliona mwanga umekaa vizuri, niliona kitambaa cha kijani kimetoka safi. Uso sikuuona. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hotelini aliuona kwa mwanga wa kuni.

Kisha akanigeukia mimi. "Ndiye mkubwa wako huyu? Mbona mwembamba hivi?"

"Ndiye, Ayo. Amesoma."

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

Nilimwambia ukweli, kwamba alifariki nikiwa Uarabuni, na kwamba sikuja kumzika kwa sababu ulikuwa msimu na sikupewa ruhusa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote lodji. Mama Paskalina alinyanyua uso akanitazama, safari hii tofauti na alivyonitazama pale ofisini.

"Basi kaa ule," bibi alisema.

Nilikula. Ulikuwa ugali wa mtama na maziwa mgando na mboga za maharage, na sijala chakula kile tena mahali popote.

Nilipita nyumbani kwangu Karatu nikalala saa chache tu. Watoto walikuwa wameshalala nilipofika, na niliondoka kabla hawajaamka, ili niwe getini linapofunguliwa. Mke wangu Elizabeti alisema, "Hata chai?" Nikasema nitakunywa juu. Saa mbili asubuhi ya Krismasi nilikuwa dobi. Meneja alikuwepo, mikono ya shati imekunjwa, ameweka shuka shavuni kama alivyofundishwa na wale mabinti. Saning'o alikuwa ameunguza vitambaa viwili tu, na alikuwa anavionyesha kwa kila mtu kama ushahidi kwamba vingine vyote vilipona.

Mama Paskalina alirudi tarehe ishirini na saba.  Alikwenda kabatini, akatoa rundo la vitambaa.

"Nani alikunja hivi?"

"Meneja."

"Na hivi?"

"Mimi."

"Vyote virudi."

Bibi alifariki wakati wa masika. Mama Paskalina alipotoka mazikoni alikuja kwenye ubao, akatoa kibati chake kwenye LIKIZO akakitundika mwenyewe KAZINI, nami nikiwa nimesimama pale.  "Ile siku tulikula," akaniambia. Basi, akaenda zake boila.

Mengine mliyakuta yakiendelea, na huenda mlidhani yalikuwepo tangu zamani. Hayakuwepo. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa Meneja na mpango mpya, na sifa zake nazichukua zote isipokuwa ile nusu ambayo ni ya Mama Paskalina. Tuligawa sikukuu mara mbili: kundi moja linashuka Krismasi, jingine mwaka mpya. Nani aanze, hawaamui wakubwa. Wafanyakazi wenyewe wanakaa mbele ya ubao mwezi wa kumi na moja na kubishana, na mwenye mzazi mzee au mtoto mchanga anatangulia. Kikao cha kwanza kilikuwa na kelele kama mnada wa ng'ombe. Saning'o alisimama akasema, "Mimi Krismasi sina. Nipeni zote nifanye kazi, ila mdogo wangu akitahiriwa mwaka ujao mniandikie wiki nzima, na asije mtu kuniambia habari za msimu." Akaandikiwa. Wenzetu Waislamu nao wakadai Idd, wakapata. Na tarehe ishirini na tano wakubwa wote wa ofisi wanakwenda dobi na jikoni. Sherehe ya shukrani tuliihamishia Januari, bwaloni, bila wageni, wakubwa tukipika. Wali wangu wa kwanza ulikuwa na mawe, na umesimuliwa mpaka Loliondo. Chupa za maji ya moto pia tulizipata kota, kila kitanda na yake. Hilo lilinichukua miaka mitatu ya kubishana, na nililishinda.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, msianze na keki. Anzeni na ubao. Mkitaka kumshukuru mtu, kwanza muulizeni aliomba nini mwaka huu na alijibiwa na nani. Na mkimpiga picha, itazameni kama mama yake angeitazama.

Ningeweza kuishia hapa, nikaonekana nimeyajua yote. Lakini Naserian anajua mwisho wake, na asipouona hapa atawasimulia yeye.

Desemba hii iliyopita, siku chache kabla sijastaafu, nilipita mbele ya ubao nikaona kibati kigeni kwenye safu ya MAPUMZIKO, na chini yake chaki imeandika tarehe ishirini na tano. Bati jipya, kingo bado kali, rangi bado inanuka. Kilikuwa na jina langu. Nilisimama pale nikahesabu mara mbili. Katika miaka yote ile nilikata vibati vya watu wengi, hata vya madaktari wa wanyama waliokuja wiki moja. Changu sikuwahi kukikata.

"Naserian! Hiki cha nani?"

"Chako, Baba. Gari linaondoka saa saba mchana wa mkesha."

"Na dobi ataangalia nani?"

"Mimi. Nina mashavu mawili."

Nilishuka. Sikumpigia simu Elizabeti, nilitaka iwe jambo la kumshangaza. Mtaona kwamba sijajifunza kila kitu. Usiku ule watu wote wa nyumbani walikuwa kanisani; nikaitundika sebuleni diploma niliyoshuka nayo, nikalala. Mchana wa Krismasi, chakula kilipotengwa, watoto wetu wakubwa na wajukuu wakajaa mezani, nami nikavuta kiti. Kiti kilikuwa na gunia la maharage juu yake. Binti yetu Grasi akaliondoa haraka. Halafu tukagundua kwamba sahani zimekwisha. Elizabeti alitazama meza, akanitazama mimi, na uso wake ukaingiwa na haya, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Samahani, Baba Grasi," alisema. "Sijazoea kukuhesabu."

Binti alikwenda kuazima kwa jirani. Nilikula kwenye sahani ya bati ya watu, yenye ua la bluu na ukingo uliobanduka, chini ya diploma yangu, mimi niliyepanga Krismasi za watu mia na zaidi kila mwaka bila kukosea hata kijiko.

Ile sahani ilikaa kabatini kwetu wiki mbili. Jana niliirudisha kwa jirani, nikapitia sokoni kununua ya kwangu. Muuzaji aliniuliza kama nataka dazani nzima. Nikamwambia moja tu inatosha, nyingine zote zipo.